Tobias Ndani ya Diski

Jumatatu, 3 Mei 1993

Fotokopi imekwama tena. Asubuhi nzima niko magotini natoa vipande vya karatasi kwa koleo. Vidole vyeusi kwa ule wino wa unga. Wanafunzi wamepanga foleni hadi mlango wa maktaba, mtihani ni wiki ijayo, kila mmoja anadai yeye ndiye mwenye haraka.

Saa tano Daktari Wekesa wa idara ya historia akaingia na bahasha. Rafiki yake wa ng'ambo amemtumia diski. Ni kama ile ya kamusi tuliyoletewa pamoja na kompyuta, inang'aa upande mmoja. Anasema ndani yake mna vita vya Ghuba vyote. Picha, ramani, sauti za waandishi wa habari, magazeti ya kila siku tangu Iraki iingie Kuwait hadi mwisho.

"Bwana Ouma, si wewe ulikuwa huko? Hii ni yako kabisa."

Alikuwa na furaha. Nikacheka naye. Kompyuta inayosoma diski ni moja tu hapa chuoni na mtunzaji wake ni mimi, kwa hiyo kazi haina pa kwenda. Anataka niipitie yote, nimwandikie orodha ya picha, muhula ujao aifundishie.

Nikaitia. Ikazunguka. Kwanza king'ora, halafu sauti ya mwanamume anayeongea mbio. Nikavua spika za masikioni. Nimemwambia Daktari stima ya leo haina nguvu.

Jumatano, 5 Mei

Nimefika picha ya sitini na tatu. Ndege. Vifaru. Visima vya mafuta vinawaka. Majenerali wenye fimbo mbele ya ramani. Naandika namba, nani, wapi. Kazi rahisi.

Kuwait yangu haimo. Ghala la matairi tulikofanya kazi halimo. Chumba chetu cha watu wanane juu ya duka la vitambaa hakimo. Kuna barabara moja nadhani niliwahi kuipita na lori. Sasa imejaa magari yaliyoungua.

Nimeanza kupumua. Hivi ni vita vya watu wengine.

Alhamisi, 6 Mei

Picha ya mia moja na kumi na nane. Ni Tobias.

Ijumaa, 7 Mei

Jana mkono ulikataa. Leo nitaandika.

Watu wengi wamekaa mchangani. Nyuma yao mahema. Mbele, upande wa kulia, mwanamume mmoja amekaa juu ya katoni, blanketi mabegani, mkono juu ya goti, anatazama kamera. Sikio la kushoto lina pengo. Ndoano ya kuvulia ilimrarua tulipokuwa darasa la pili, mimi nikiwa kando yake. Siwezi kulikosea sikio hilo.

Chini ya picha wameandika kwamba hao ni wafanyakazi wa kigeni waliokimbia Kuwait, wanangoja msaada mpakani mwa Jordan. 9 Septemba 1990.

Tarehe tisa Septemba. Mimi nilisema nilimzika tarehe thelathini Agosti.

Nilisema hivyo kwao, Luanda Kotieno, mbele ya watu wa boma zima. Nikasema nilichimba kwa mikono na kipande cha bati. Nikasema nilimfunika uso kwa shati langu. Hata sala nikasema nilisali. Saa yake ya mkononi nilikuwa nimeivaa mimi, kwa sababu alikuwa amekonda na kwake ilikuwa inadondoka. Nikamkabidhi mama yake, na saa ikawa ushahidi. Wakazika tunda la yago badala ya mwili, kama watu wetu wanavyofanya mtu akifia mahali pasipofikika. Ng'ombe akachinjwa. Akeyo, mkewe, akanyolewa nywele. Baadaye akarithiwa na Okoth, kaka yake Tobias. Wana mtoto sasa.

Ukweli ni huu. Lori letu lilikufa kabla ya mpaka. Tulitembea siku mbili. Tobias aliharisha mpaka akashindwa kusimama. Nikamlaza kwenye kivuli cha ukuta uliobomoka. Nikamwambia naenda kuleta maji. Nilikuwa naenda kuleta maji kweli. Nilipojaza chupa nikaona basi, na mtu anaita wenye pasipoti wanaoweza kusimama wenyewe. Pasipoti nilikuwa nayo. Kusimama nilikuwa naweza. Nikapanda.

Chupa ilikuwa mkononi, imejaa. Niliinywa ndani ya basi.

Nilijiambia ameshakufa. Nilijiambia hivyo mpaka Nairobi. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshamzika.

Uongo ule niliusema kwa Kijaluo. Ndiyo maana hapa naandika Kiswahili. Kwa Kijaluo naona kama kuna mtu anasikiliza.

Jumapili, 9 Mei

Luanda Kotieno. Naenda kila mwezi, huu mwaka wa tatu. Feri ya kutoka Mbita ilikuwa imetia nanga, kina mama wanashuka na mabeseni.

Mama yake Tobias, Min Tobias kama tunavyomwita wote, alinikalisha kwenye kiti cha mwanawe. Kiti hicho Okoth hakalii. Alikuwa ameniwekea samaki mzima, ngege mkubwa, na wengine wakala omena, dagaa wa ziwani. Kabla ya chakula aliweka mkono kichwani kwangu akaomba. "Mungu, mbariki huyu aliyemfunika mwanangu na udongo. Mwanangu hakulala juu ya nchi kama mbwa." Huomba hivyo kila mara.

Akeyo alileta maji ya kunawa, mtoto mgongoni. Hakunitazama, lakini huwa hanitazami.

Nilikula samaki mzima. Nashangaa nilikula.

Sikusema.

Jumanne, 11 Mei

Nimeifungua mara saba leo.

Haitokei kwa mara moja. Inashuka polepole kutoka juu, mstari baada ya mstari. Anga. Mahema. Kichwa. Sikio. Macho. Kila mara natumaini nikifika machoni atakuwa mtu mwingine.

Kabla yake kuna lori la mikate. Baada yake jenerali. Yeye yuko katikati, anangoja.

Alasiri nilisikia mtu anakohoa nyuma ya rafu za sheria. Kikohozi chake, kile cha kukata mara mbili. Nilikwenda. Hapakuwa na mtu. Vitabu tu na kiti.

Mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilichukua msumari. Mkwaruzo mmoja ungetosha, mashine ingekataa kuisoma diski, na diski zinaharibika kila siku, nani angeuliza? Niliushika msumari pale juu. Sikuweza. Si kwa sababu ya wema. Niliogopa kumwacha mara ya pili.

Kwenye orodha ya Daktari nimeandika: 118, watu, jangwani.

Jumatatu, 17 Mei

Mke wangu Rose alikwenda jana Luanda Kotieno kumpelekea Min Tobias gauni alilomshonea. Katika mazungumzo akamwambia kuhusu mashine. Kwamba chuoni kuna kompyuta inayoonyesha vita vyote vya kule, na Ouma ndiye mwenye funguo. Rose alisema kwa majivuno tu, majivuno ya mke.

Min Tobias anataka kuja. Anataka kuiona ardhi aliyolala mwanawe.

Nikasema ni mzee, njia ni ndefu, vumbi. Rose akaacha kukanyaga cherehani.

"Kwani wewe uko na nini? Mama anataka kuona tu."

Daktari Wekesa naye amesikia, amefurahi kupita kiasi, anasema hii ndiyo historia. Aje Ijumaa.

Nimeshapanga. Nitamwonyesha ndege, visima, mchanga. Kutoka 117 naruka 119.

Ijumaa, 21 Mei

Okoth alimfikisha hadi lango la chuo, kisha akaendelea na safari ya Kisumu kununua nyavu. Min Tobias akaja amevaa gauni jipya la Rose na kitambaa cheupe kichwani, kama anayekwenda ushirika. Mlangoni mwa maktaba alivua viatu. Nikamwambia si lazima. Akavishika mkononi.

Nilimkalisha mbele ya kompyuta. Daktari Wekesa akasimama nyuma yetu, mikono mgongoni. Nikaanza. Ndege hazikumgusa. Moto wa mafuta ulimfanya aseme yawa kwa mshtuko, mara moja tu. Nilipofika kwenye jangwa akasogea.

"Mchanga huu ndio?"

"Ndio, mama."

Akaugusa kwa kidole, juu ya kioo. Akauliza una joto wakati gani wa siku. Akauliza kama kuna miti. Akauliza ni upande gani. Nilijua anauliza kaburi. Nikaonyesha mahali pamoja kwenye picha, pembeni, karibu na jiwe. Nikamdanganya tena, safari hii kwa kidole. Akapaangalia sana mahali pale. Akapapapasa.

Mikate. Nikaruka.

"Umeruka moja," Daktari Wekesa akasema. Alikuwa na orodha yangu mkononi. Akainama akabonyeza mwenyewe.

Anga ikashuka. Mahema. Kichwa. Alimjua kabla ya macho, kwenye sikio. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alisema tu, kana kwamba mwanawe ameingia jikoni:

"Tobi. Umekonda."

Halafu akaanza kumsalimu. Akamwuliza amekula nini. Akamwambia mvua ilinyesha vizuri mwaka huu. Akamwambia mbuzi wa kahawia amezaa mapacha. Wanafunzi wawili waliokuwa wakisoma waliacha wakatoka nje taratibu. Daktari Wekesa alivua miwani.

Mwishowe akanigeukia. "Ouma, hukuniambia kuna picha."

"Sikujua, mama."

Akanishika mikono yote miwili. Akanishukuru. Alinishukuru kwamba nilimtunza mwanawe vizuri mpaka mwisho, kwamba hata blanketi alikuwa nalo. Blanketi lile sijawahi kuliona. Mtu mwingine alimpa.

Daktari akasema lazima apewe nakala. Printa ikalia muda mrefu, inakwenda na kurudi. Tobias akatoka amefanywa kwa nukta. Ukiwa karibu ni doa, ukisogea mbali ni yeye. Maneno yote ya chini yakatoka pia. Tarehe ikatoka.

Min Tobias hajui kusoma. Aliikunja karatasi ndani ya Biblia yake.

Daktari Wekesa aliniuliza, kwa sauti ya chini, jamaa aliishi muda gani baada ya picha ile.

"Siku chache," nikasema.

Jumamosi, 22 Mei

Akeyo anajua kusoma.

Jumatano, 26 Mei

Kila mwanamke anayeingia maktaba na leso, nadhani ni Akeyo. Nimetia karatasi kichwa chini kwenye fotokopi. Nimesahau kula. Rose anadhani ni malaria, amenipa dawa, nimemeza.

Jana barabarani, karibu na posta, mtu alikuwa amekaa juu ya katoni. Fundi viatu. Nilirudi nyuma nikapita njia nyingine.

Jumapili, 30 Mei

Nimekwenda. Afadhali kujua.

Picha iko ukutani sebuleni, imebandikwa kwenye kadibodi, juu ya kiti chake. Min Tobias alinivuta mkono nikaione. Niliangalia chini ya picha kwanza. Maneno hayapo. Karatasi imekatwa pale, imenyooka, kwa makasi.

Akeyo alikuwa mlangoni.

"Shemeji, njoo unisaidie kugeuza omena."

Tulishuka hadi ufukweni. Gugumaji limesukumwa na upepo mpaka karibu na nchi kavu, mitumbwi inapenya kwa shida. Omena zilikuwa zimeanikwa kwenye nyavu kuukuu. Akapiga magoti akaanza kugeuza kwa kiganja. Mimi nikasimama. Alifungua fundo la leso yake akatoa kipande cha karatasi, kirefu, chembamba. Hakunipa. Alinionyesha tu.

"Nilisoma siku hiyohiyo. Nikakata kabla Okoth hajarudi na nyavu. Sasa niambie. Na usiniambie vile ulisema kwa matanga."

Nikamwambia. Lori, ukuta, chupa, basi. Hakuacha kugeuza omena. Nilipofika kwenye basi mkono wake ukapunguza mwendo tu. Hakulia. Niliposema niliyanywa maji alifumba macho kidogo.

Akauliza jambo moja. "Uligeuka ukamwangalia?"

"Hapana."

"Angalau hiyo hujadanganya."

Kisha akakaa chini kabisa, mchangani. "Miaka karibu mitatu mimi ni mjane. Nilinyolewa. Nimelala na shemeji yangu kwa sababu wewe ulisema. Huyu mtoto yuko kwa sababu ulisema. Kama yuko hai mahali, mimi ni bibi ya nani?"

Nikasema nitakwenda kumwambia mama sasa hivi. Nilitaka kwenda. Nilitaka liishe.

Akainuka haraka. "Wewe unataka kupumua tu. Ukimwambia leo ataanza kumngojea, na huyo mama akianza kungojea hataacha mpaka azikwe. Tafuta kwanza. Ujue yuko wapi, mzima ama maiti. Halafu uje umwambie kitu kimoja, kizima. Na kila mwezi uje vile umekuwa ukija. Ukae hapo kwa kiti. Ule."

Nikala leo pia. Chini ya picha.

Jumatatu, 31 Mei

Nimemwambia Rose. Alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Alimaliza kutia uzi.

Hakunitukana. Aliuliza swali moja.

"Na mimi nikiugua?"

Nikasema ah, Rose. Akasema hilo si jibu. Amehamishia godoro kwenye chumba cha cherehani.

Jumatano, 2 Juni

Barua imekwenda. Nimemwandikia mkuu wa shirika linalotafuta waliopotea vitani. Anwani na fomu nilivipata kwa padri. Jina kamili la Tobias Okelo, mwaka wa kuzaliwa, sikio, ghala la matairi. Nimeambatisha picha.

Fomu yao inauliza aliyekuwa naye mara ya mwisho ni nani. Niliandika jina langu. Inauliza mliachana vipi. Waliacha mistari mitatu. Niliandika: nilimwacha mgonjwa, akiwa hai. Mstari mmoja ulitosha.

Jumapili, 27 Juni

Nimekwenda, nimekaa, nimekula. Min Tobias sasa huongea na picha akifanya kazi. Akichambua mboga humweleza bei ya mafuta ya taa. Ameanza kucheka, jambo ambalo hakuwa akifanya. Okoth aliniambia nje, karibu na zizi, kwamba mama amepona tangu siku ile ya chuoni. Akanishukuru yeye pia.

Akeyo alinimiminia maji. Akanitazama. Siku hizi hunitazama.

Ijumaa, 16 Julai

Sanduku la posta, tupu. Wiki ya sita.

Wanafunzi wanaitumia diski sana. Wamezoea. Leo kundi moja limepita 118 bila kusimama, wanatafuta ndege. Nilikuwa nyuma yao. Nilitaka kuwaambia ngojeni.

Namsikia mara nyingi zaidi. Si kukohoa tu. Anakuwa nyuma yangu nikifungua kabati la karatasi, anangoja nimalize. Haniambii kitu. Angeniambia kitu ningepumzika.

Jumapili kanisani nilijikuta naomba awe amekufa. Ili kiwe kitu kimoja, kizima, kama alivyosema Akeyo. Nimeandika hivyo. Lisifutwe.

Ijumaa, 6 Agosti

Rose amerudisha godoro. Hakusema kwa nini. Niliona limerudi.

Alhamisi, 19 Agosti

Bahasha. Niliifungulia posta, nimesimama, watu wananipita na vifurushi vyao.

Wamempata kwenye daftari la kambi. Aliingizwa tarehe 1 Septemba, wanajeshi wawili walimbeba kutoka kwenye ukuta. Alipata nafuu wiki moja, akasimama, akatembea. Kisha homa ya matumbo. Alifariki tarehe 21 Septemba 1990, kwenye hema la wagonjwa. Amezikwa na wengine kwenye makaburi ya mji ulio karibu. Kaburi lina namba.

Siku ishirini na mbili aliishi baada ya mimi kumzika.

Kuna nakala ya kadi aliyojaziwa alipofika. Jina, nchi, dini. Mahali pa jamaa wa karibu, mtu ameandika kwa kalamu ya bluu, kwa Kiingereza cha haraka: ndugu yake, Ouma, amekwenda kuleta maji.

Sijui nilifikaje nyumbani. Rose alisoma barua, akaikunja, akaketi karibu yangu kitandani. Hakunigusa. Aliketi tu karibu mpaka chai ikapoa.

Jumapili, 22 Agosti

Nilimwambia Akeyo kwanza, pale ufukweni. Aliposikia tarehe ya kifo alihesabu kwa vidole. Alirithiwa mwezi wa pili mwaka uliofuata. Alihesabu tena. Halafu akaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akamlilia mumewe. Sauti kubwa, watu wakageuka. Mara ya kwanza, kwenye matanga, alilia kwa sababu ilikuwa desturi na nilikuwa nimesema. Leo alilia peke yake. Nikangoja. Kisha akajifunga leso upya.

"Twende."

Okoth alikuwepo. Min Tobias alianza kunisogezea kiti. Nikasema hapana, mama, leo nitakaa chini. Nikakaa sakafuni. Nikasema kwa Kijaluo, yote.

Okoth alisimama katikati ya maneno yangu. Alikuja mpaka niliona vidole vya miguu yake mbele ya magoti yangu. Nilingoja anipige. Mama yake akamwambia kaa. Akakaa.

Kuku alikuwa akitembea mlangoni. Min Tobias akasema, "Anza tena. Polepole."

Nikaanza tena. Akasema tena. Mara ya tatu nilipofika kwenye ukuta alinikatiza. Akauliza ukuta ulikuwa wa nini, mawe au matofali. Mawe. Akauliza alikuwa ameegemea upande gani. Akauliza niliposema naenda kuleta maji, yeye alijibu nini.

Hilo sikuwa nimelisema hata kwa Akeyo. Hata hapa sijaliandika.

"Alisema, harakisha."

Akaitikia kwa kichwa. Nikamsomea kadi. Nikamsomea namba ya kaburi. Alinyoosha mkono akachukua karatasi zote. Alizitazama kana kwamba anasoma.

"Sasa nenda," akasema.

Hakusema rudi. Nilipitia kando ya kaburi la yago. Akeyo hakunisindikiza. Feri ilikuwa imeshaondoka.

Jumatatu, 23 Agosti

Nimempa Daktari Wekesa orodha iliyosahihishwa. 118: Tobias Okelo, wa Luanda Kotieno, dereva, kambini mwa wakimbizi, siku kumi na mbili kabla ya kufa.

Alisoma, akaniangalia, akataka kuuliza. Nikamweleza mwenyewe kabla hajauliza. Alikuwa akiniita Bwana Ouma na kucheka. Aliniita hivyo tena, ila hakucheka.

Jumapili, 5 Septemba

Siku ya kwenda Luanda Kotieno. Sikwenda. Nilifua mashati, nikayaanika. Rose alitengeneza chapati.

Maktaba imekuwa kimya wiki yote. Sijamsikia. Nilidhani nitafurahi.

Jumanne, 14 Septemba

Askari wa lango alinipigia simu ya ndani saa nne. Kuna mama anakuuliza.

Min Tobias alikuwa ameketi kwenye benchi la kibanda cha askari, mfuko mapajani, viatu miguuni. Amekuja peke yake. Nikamsalimu. Hakuitikia.

"Chukua karatasi," akasema. "Andika."

Okoth angeweza kuandika kidogo. Akeyo anaandika vizuri kuliko mimi. Sikumwuliza kwa nini mimi. Niliketi kwenye ngazi, ubao wa askari magotini, na askari akatoka nje akasimama juani.

Alisema kwa Kijaluo, niliandika Kiingereza ili wasome huko alikozikwa Tobias. Alisema taratibu, akinyamaza baada ya kila jambo mpaka kalamu isimame.

Kwamba yeye ni mama yake Tobias Okelo. Kwamba ameambiwa mwanawe yuko kwao, na ameambiwa namba. Kwamba anawashukuru wanajeshi wawili waliombeba, na aliyempa blanketi, na kama wana mama zao wawasalimie. Kwamba hawezi kuja. Kwamba Tobias tangu utoto hakupenda kulala peke yake, na kama kuna mtu hupita hapo kufagia, amwite jina. Si Tobias. Tobi.

Kalamu ikasimama. Nikadhani kuna zaidi.

"Soma."

Nikamsomea kwa Kijaluo, kutoka mwanzo. Alisikiliza huku anatazama mdomo wangu. Nilikuwa nimeandika alivyosema. Sikuongeza neno.

Askari akaleta kidau cha wino wa muhuri. Min Tobias akaweka dole gumba chini ya karatasi, akabonyeza kwa nguvu, akalipangusa kwenye ukingo wa gauni. Akaning'iniza mfuko begani akatoka. Nilimwona akivuka barabara, akisimama kwanza kutazama kushoto na kulia.

Nimeipeleka posta saa nane. Karani akaipima, akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya mama.